Silabi Iliyozidi

"Ulikosa misa, umekosa mtoto."

Maneno hayo Laurette aliyasema kwenye kilio cha mtoto wa kaka yake, mbele ya watu wote, mama wa marehemu akiwa ameketi chini kwenye mkeka hatua chache kutoka kwake. Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa chungu kwa faida yake mwenyewe. Wanawake waliokuwa karibu walitikisa vichwa na kuguna. Mmoja alisema ni kweli, Mungu si Athumani. Mama wa marehemu, Candide, alivuta kitenge chake akafunika kichwa.

Nilikuwapo. Nyumba yetu na ya Candide zilitenganishwa na kichochoro kimoja tu mtaani Mulongwe, kando ya mto wenye jina hilo, na siku hiyo nilikuwa nikipitisha maji ya kunawa. Nilikuwa pia mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa pili, na jambo lililonichoma kwanza, kabla hata ya ukatili wake, lilikuwa ufundi wa sentensi ile. Kitenzi kimoja, mara mbili. Katika lugha yetu asiyekwenda mahali amekosa, aliyetenda dhambi amekosa, na aliyepokonywa kila kitu amekosa vilevile. Laurette hakuhitaji kuleta ushahidi wowote. Lugha ilikwisha kumfanyia kazi: aliitaja hasara ya wifi yake, na papo hapo ikageuka kuwa hatia.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Candide aliuza vitenge alivyovinunua ng'ambo ya mpaka, na Jumapili ile alikwenda Kavimvira, mpakani, kwa kuwa Jumapili foleni ya forodha huwa fupi. Mume wake, Emery, alikuwa Kalemie kikazi. Binti yao alibaki kwa jirani, kama alivyobaki mara nyingi. Mjini kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha huko juu milimani, na mto Mulongwe ukashuka na mawe, miti na mabati ya watu. Mtoto alipatikana mahali mto unapoingia ziwani, katikati ya matete.

Aliitwa Irambona. Candide ni mtu wa uwanda wa Ruzizi, lugha ya mama yake ni Kirundi, na kwa Kirundi jina hilo lina maana ya kwamba Mungu ananiona.

Kuna jambo jingine ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja kwenye kilio. Kando ya mto palikuwa na ukuta ulioanzwa baada ya mafuriko ya nyuma, ukaachwa kabla haujafika kwetu. Mawe yake yaliletwa na malori, yakamwagwa ukingoni, kisha malori mengine yakaja kuyachukua. Leo yamezunguka kiwanja cha mtu mmoja mwenye uwezo, uzio mzuri sana, umenyooka kama mstari wa daftari. Sitamtaja jina. Mtu huyo hakukosa misa hata Jumapili moja, na mabati mapya ya ukumbi wa parokia yetu yalikuwa zawadi yake.

Baada ya kilio msemo wa Laurette ulitembea. Uliimbwa na watoto bombani. Candide aliacha kwaya, kwa sababu kila alipofungua mdomo wenzake walitazama chini. Emery alikuja kuzika, akasikia msemo ule kwa dada yake, akarudi Kalemie bila kumuuliza mke wake lolote. Na watu, pole kwa pole, waliacha kumwita Mama Irambona. Walimwita Candide, kama msichana asiyewahi kuzaa. Hakuna aliyewaamuru. Waliona tu kwamba mtoto ameondoka na jina la mama limeondoka naye, na hawakuona kwamba wanamzika mtoto mara ya pili.

Ndipo nilipoandika mchezo. Niliuandika kwa beti, kwa mizani ya nane kwa nane, kwa kuwa niliamini, na bado ninaamini, kwamba hasira isiyo na kipimo husikika kama kelele. Katika mchezo huo mama aliyefiwa anaitisha baraza. Majirani wanakuja mmoja mmoja kumweleza ni dhambi gani iliyomponza, na kila mmoja ana dhambi yake aliyomchagulia. Mwishowe mama anaweka kiti kitupu katikati na kumwita Mungu. Hamwiti kama mshitakiwa. Jina la mtoto limesema kwamba Yeye huona. Basi na aje atoe ushahidi.

*Sikuiti kushitaki, ninataka ushahidi;*
*Jina la mwana ni lako, jina hilo ni ahadi;*
*Uliona maji yale yakija bila ya hodi:*
*Keti hapa kwenye kiti, useme ulivyoona.*

Kabla sijaupeleka kwa wenzangu wa kikundi cha maigizo, nilivuka kichochoro na kumsomea Candide. Nilikusudia kumwomba ruhusa. Alisikiliza hadi mwisho huku akikunja vitenge, akikunjua na kukunja tena kile kile. Nilipomaliza alitaka kujua nani atakayecheza huyo mama. Nikamwambia tumemfikiria Noella, mwenzangu wa chuoni, mwenye sauti nzuri.

"Noella alizaa nani?" aliuliza. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, chenye minye kwa mimi na njo kwa ndipo, "Kama iko habari yangu, minye nitaisema. Lakini niiseme pale kwenye ukumbi wao. Si shuleni, si chuoni kwenu. Pale njo bananiita mukosefu."

Hilo ndilo alilolitaka, na sikulisahau tena: kusimama mahali pale alipohukumiwa, mbele ya wale wale waliomhukumu, na kusema kwamba hakumuua mtoto wake.

Ukumbi ulikuwa chini ya baraza la waamini, na mwenyekiti wake alikuwa Jean-Berchmans, mkaguzi wa shule mstaafu ambaye mji mzima humwita Inspekta. Alinipokea nyumbani kwake kwa heshima. Nilitaka kumchukia lakini alininyima nafasi: alikuwa ameusoma mchezo wote, mara mbili, na kalamu yake nyekundu iligusa mahali pamoja tu. Ulikuwa mstari wa mwisho, mama anapoigeukia hadhira:

*Mbele yenu nasimama: sikukosa, nimekosewa.*

"Kwanza, mwanangu, kuna kosa la ufundi," alisema. "Kipande cha pili kina mizani tisa. Kote umepima nane, hapa umezidisha silabi."

Nilimjibu kwamba nimezidisha kwa makusudi. Yaliyompata mama huyu yamezidi kipimo, na mstari unaoyasema hauna budi kumwagika.

Alitabasamu kama mwalimu anayeona mwanafunzi ametoa jibu zuri kwa swali lisiloulizwa. Akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa ubaoni: *nimekosa, nimekosa*. Akanionyesha kwamba mizani imetimia. Ni herufi mbili tu zimeondoka kwenye neno la mwisho, alisema, na moja ya hizo ni irabu; *siku* iliyogeuka *nime* hakuitaja. Mama anyenyekee mwishoni, watu wapate faraja, ukumbi ni wetu Jumapili yoyote tunayotaka, bila malipo. Asiponyenyekea, ukumbi hakuna.

Nilimwuliza mama huyo anyenyekee kwa kosa gani. Hapo aliweka kalamu chini, na alichosema nakiandika kama alivyokisema, kwa sababu sijapata kusikia hoja nzito kuliko hiyo upande wa pili.

"Mto utashuka tena. Unajua, ninajua. Mtu aliyekosa ana dawa: anatubu, anaamka kesho akiamini kwamba akienda vizuri maji yatampita. Mtu aliyekosewa na Mungu ana dawa gani, Jolie? Umpe nini arudi nacho nyumbani?"

"Nani amesema aliyemkosea ni Mungu, Baba Inspekta? Mungu hakuja na lori kuchukua mawe."

Alitazama dirishani. Kutoka hapo mabati ya ukumbi huonekana vizuri, yanang'aa. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba ni herufi mbili tu.

Nilitoka pale nikiwa nimechemka. Hiyo ndiyo faraja wanayotupa: mtoto afe, na mama yake akubali kwamba alistahili, ili sisi wengine tulale tukiamini kwamba hatustahili. Ni faraja inayonunuliwa kwa jina la mtu mwingine. Nilimwambia Candide kwamba tutakataa, tutacheza chuoni, tutakwenda Makobola, tutacheza kando ya barabara ya Fizi ikibidi.

Hakuwa tayari. Watu wa Makobola hawakumkosea kitu, alisema. Aende kuwaambia nini?

Basi nilitafuta njia ndani ya neno lenyewe. Kama Laurette aliweza kugeuza upungufu ukawa dhambi, kwa nini mimi nisiigeuze dhambi irudi kuwa upungufu? Niliacha *nimekosa* mwishoni, kama walivyotaka, lakini kabla yake nikaweka mistari ambayo ingemfunga msikilizaji asiweze kuielewa ila kwa njia moja:

*Nimekosa pa kujenga, wenye nacho wamejaza;*
*Nimekosa hata jiwe la maji kuyageuza;*
*Nimekosa na mwanangu, nyumba yangu ina giza;*
*Mbele yenu nasimama: nimekosa, nimekosa.*

Inspekta aliusoma ubeti huo, akasita kwenye neno *jiwe*, akapitisha. Candide aliukariri kwa siku chache. Jioni ya zoezi la mwisho aliniuliza jambo moja tu, iwapo watu watausikia vile tunavyousema sisi. Nilimhakikishia kwamba sarufi haiwaachii nafasi nyingine.

Jumapili ya mchezo ukumbi ulijaa. Tulianza alasiri, milango wazi, joto la ziwa likiingia pamoja na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikaushwa nje. Laurette aliketi mstari wa mbele katika kitenge cha kikundi chake cha sala. Inspekta alikuwa kando yake. Mwenye uzio alituma salamu kwamba ana udhuru.

Kwa sehemu kubwa watu walifurahi. Majirani wa mchezoni waliwachekesha, maana kila mtu alimtambua jirani yake na hakuna aliyejitambua mwenyewe. Yule anayemwambia mfiwa kwamba amejiletea mkosi kwa kuuza vitenge vyenye rangi nyekundu alishangiliwa hata akarudia. Candide alipoweka kiti katikati, vicheko vilipungua. Kilikuwa kiti cha miguu mifupi kutoka jikoni kwake. Irambona ndiye aliyekuwa akikikalia. Alipotamka *Keti hapa kwenye kiti*, mzee mmoja nyuma alivua kofia.

Kisha akafika mwisho. *Nimekosa pa kujenga*: kimya. *Nimekosa hata jiwe*: baadhi walitazamana, na mimi, nyuma ya pazia, nilihisi kwamba tumeshinda. *Nimekosa na mwanangu*: mwanamke mmoja alilia kwa sauti.

*Mbele yenu nasimama: nimekosa, nimekosa.*

Na hapo ukumbi mzima ulijipiga kifuani.

Sijui namna ya kulieleza jambo hilo kwa mtu asiyekulia kwetu. Hawakukusudia. Toka utotoni, kwenye sala ya kuungama ya misa, neno hilo likirudiwa, mkono huinuka wenyewe, ngumi hugusa kifua, na mdomo humalizia. Nilisikia mamia ya ngumi, sauti moja nzito kama gunia linaloangushwa, na mnong'ono uliofuata: *sana, nimekosa sana*. Watu waliopoteza nyumba zao walijipiga. Mzee aliyevua kofia, ambaye mto ulichukua mbuzi wake wote na mke wake, alijipiga. Mwanamke aliyekuwa akilia alijipiga huku analia. Wote walitubu kwa ajili ya mawe ambayo hawakuyaiba. Na Laurette, mbele kabisa, alimtazama wifi yake kwa macho yaliyojaa machozi ya kweli, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu ambaye dawa yake hatimaye imefanya kazi.

Sarufi yangu haikumsaidia mtu yeyote. Inspekta alikwisha kusimama ili afunge kwa sala, uso wake umetulia, na Noella alishika kamba ya pazia.

Candide hakusogea. Alingoja mikono yote ishuke. Alimtazama Laurette, si kwa chuki, kwa namna ya mtu anayehakikisha kwamba anayemwambia yupo.

"Hapana," alisema. "Hamukusikia vizuri. Minye sikuungama."

Akarudi hatua moja, akaweka mkono kwenye kile kiti, akausema mstari tena, ule wa kwanza, ambao tulikuwa tumeahidi kuufuta:

*Mbele yenu nasimama: sikukosa, nimekosewa.*

Hakupaza sauti. Lakini sikio lililokuwa limezoea mizani ya nane kwa saa nzima lilijikwaa kwenye silabi ile ya tisa, na nikaona watu wakiinua vichwa, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo hakuitarajia. Baadhi ya mikono ilikwisha kupanda tena kuelekea kifuani, kwa mazoea. Ilifika nusu, ikakosa pa kwenda. Sauti moja ya kiume ilinong'ona kwa jirani yake, "Anasema balimukosea. Nani alimukosea?" Na jirani, bila kunong'ona, akajibu kwamba kila mtu anapita mbele ya uzio ule kila siku, aache kujifanya mgeni.

Palizuka manung'uniko. Inspekta alipanda jukwaani akainua mikono, akawaomba watu wasimame kwa sala ya kufunga. Walisimama. Lakini hawezi kusali mtu akiwa na mwigizaji kando yake ambaye bado hajashuka, mkono juu ya kiti kitupu.

"Candide," alimwambia chini kwa chini, "shuka, tumemaliza."

Hakuitika.

"Candide."

"Baba Inspekta, muko munaita nani?" aliuliza, naye akasikika mpaka mlangoni. "Minye niko na jina. Weye mwenyewe uliandika mutoto yangu kwenye shule ya parokia, uliniuliza jina yake iko na maana gani, nikakuambia. Niite, nitashuka."

Nilimwona mkaguzi yule mstaafu akiwaza. Nilijua anachowaza, kwa sababu alikuwa mtu wa lugha kama mimi: jina lile lilikuwa sentensi, na kulitamka pale, mbele ya kiti kile, ilikuwa kukubali kwamba kuna aliyeona. Alitazama waamini waliosimama. Alimtazama Laurette. Hakuna aliyemsaidia.

"Mama Irambona," alisema.

Naye akashuka.

Sala ilikuwa fupi, na sikumbuki kama kulikuwa na neno la toba ndani yake. Watu walitoka bila kuagana. Laurette alipita karibu nami bila kunisalimu. Alikuwa ameshika kitenge chake kifuani kwa ngumi ile ile aliyojipigia.

Inspekta alinikuta langoni nikisubiri wenzangu wafunge mapazia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alionekana mzee. Alisema baraza litakutana, na kwamba nisitegemee ukumbi tena, wala wa Kavimvira, maana kule wangemuuliza yeye kwanza na yeye hawezi kudanganya. Kisha akasema kwamba tungekuwa tumeshika ahadi, mchezo ungezunguka parokia zote mpaka Makobola, watu wengi wangefarijika, na yote hayo tumeyapoteza kwa silabi moja.

Nilimwambia kwamba wenye mawe wakiyarudisha mtoni, nami nitaiondoa silabi yangu.

Inspekta alikuwa anatazama barabarani. Candide alikuwa ametangulia peke yake, amejitwika kile kiti kichwani, kuelekea kwetu Mulongwe. Nyuma yake mwanamke mmoja, yule aliyelia ndani ya ukumbi, alikuwa anakaza mwendo, kandambili zikimpiga kisigino.

"Mama Irambona," aliita, "ngoja basi, tuko njia moja."

Candide alisimama, akamngoja.